Tufaha la Usiku Mrefu

"Mwanangu, nasikia huko wanachinjia mizimu usiku wa manane, na wewe unakwenda kutazama?" Ndivyo alivyonipokea shangazi yangu wa Tanga kwenye simu Desemba iliyopita, hata shikamoo yangu hajaiitikia. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha video: midevu, ngozi za dubu, pembe, damu kwenye theluji. Nikamwambia, shangazi, mnyama pekee niliyewahi kumwona kwenye shughuli ile ni mbwa wa mtu aliyefuata harufu ya nyama. Hakuniamini.

Kwanza nimweleze habari ya saa. Sisi tunahesabu saa kwa jua. Limechomoza, ikapita saa, basi ni saa moja, na hesabu hiyo haitutupi mwaka mzima. Hapa Reykjavík, Aisilandi, karibu na tarehe 21 Desemba, jua linachomoza saa tano na dakika ishirini asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Na hizo saa nne lenyewe halipandi. Linatambaa pembeni mwa mbingu kama mtu anayepita mlangoni kwa mdai wake. Mwaka wangu wa kwanza huku alfajiri ilinikuta kazini, nimeshakunywa chai mara mbili, na saa ya Kiswahili mkononi haikuwa na maana yoyote. Mtu aliyekaa gizani namna hiyo akiwasha moto na kuliita jua lirudi, sioni cha kumcheka.

Shughuli yenyewe inaitwa jólablót. Jól ni jina la sikukuu ya majira ya baridi, la kale kuliko Ukristo wa huku, na mpaka leo Waaisilandi huiita Krismasi kwa jina hilo. Blót zamani ilikuwa kafara kweli, siwezi kukana. Snorri Sturluson, aliyeandika katika karne ya 13, anaeleza damu ikinyunyizwa kwa vijiti. Lakini Aisilandi ilikubali Ukristo pale Þingvellir yapata mwaka 1000, na ibada hizo zikafifia. Hii ya leo ilianza upya mwaka 1972, mfugaji wa kondoo na mshairi, Sveinbjörn Beinteinsson, alipounda na wenzake chama cha Ásatrúarfélagið. Serikali ilikitambua mwaka uliofuata. Husimuliwa kwamba mzee alipotoka kumwona waziri, radi ilipiga na umeme ukakatika mjini. Wenyewe hukisimulia kisa hicho huku wakicheka, maana ni watu wa mzaha. Chama hicho hakichinji mnyama ibadani.

Kinachofanyika ni hiki. Giza likishatanda watu hukusanyika, na makoti yao mazito, wengine na mikokoteni ya watoto. Moto unawashwa. Goði, yaani kiongozi wa ibada, anapatakasa mahali pale na kughani beti za Edda, mashairi ya kale ya huku, kwa sauti ya chini, hata asiyejua lugha anasikia mapigo yake. Kisha pembe ya kinywaji inazunguka duara. Anayeipokea anataja anayemkumbuka: mungu fulani, roho za ardhi wanazoziita landvættir, au wafu wake. Nilikuwa mweusi peke yangu kwenye duara lile, na pembe ilinifikia kama ilivyomfikia kila mtu. Nilitaja jina la bibi yangu, nikaipitisha bila kunywa. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Halafu watoto. Wanaitwa mbele kuwasha mishumaa, kulipokea jua linaloanza kupanda. Upepo wa Reykjavík hauna adabu. Unauzima mshumaa, mtoto anarudi kwenye moto kuwasha tena, unauzima, anarudi. Watu wazima wanasubiri. Hakuna anayemwambia mtoto basi, inatosha.

Ya Grýla, zimwi la kike la ngano za Krismasi huku, na wanawe kumi na watatu, na paka anayekula watu wasio na nguo mpya, nawaachia watalii.

Mimi nampenda Iðunn, mungu wa kike anayetunza matufaha ya ujana katika kikasha chake. Miungu wa huku huzeeka, wakila matufaha hayo wanarudi vijana. ("Mungu gani huyo anazeeka?" Shangazi, nimekusikia.) Loki, yule mjanja wao, akamtoa nje kwa hila, jitu Þjazi likaja kwa umbo la tai na kumnyakua. Miungu wakaota mvi, wakajikunja migongo, ndipo walipomlazimisha Loki amrudishe. Akaruka kama kozi, akamgeuza Iðunn kokwa, akamkamata kwa kucha zake, tai nyuma yake. Miungu walikuwa wamerundika randa za mbao ukutani mwa mji wao. Kozi alipoingia tu, wakaziwasha. Tai mbawa zikashika moto.

Moto unawashwa, na ujana wa dunia unarudi nyumbani gizani. Nikisimama kwenye moto ule wa Desemba sioni hadithi nyingine. Lakini hayo ni yangu. Hakuna andiko la kale linalomfunga Iðunn na usiku mrefu, na wanaotangaza kwamba matufaha yake yaliliwa usiku huo kwa miaka elfu wanakosea kama video ya shangazi, ila wao wanakosea kwa mapenzi. Hata neno epli la kale lingeweza kutajia matunda mengine, kama sisi pwani tulivyo na tofaa la mtofaa ambalo si lile la dukani. Ingawa kwenye jahazi la Oseberg, Norwei, walimozikwa wanawake wawili mwaka 834, ilikutwa ndoo ya matufaha mwitu.

Wapo pia wa ng'ambo waliozifanya alama za dini hii ya kale kuwa za ubaguzi. Chama cha Reykjavík kimewakana hadharani, mimi sina wino wa kuwapa.

Na kama kosa la jólablót ni upya wake, mbona Þorrablót, karamu ya vyakula vichachu ya majira haya, hakuna anayeisumbua? Wanafunzi waliifufua karne ya 19, na mkahawa wa Naustið ukaieneza tangu 1958. Kila mtu anaila kama urithi wa babu.

Kinachoniuma kiko kwingine. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Ísafjörður, ambako milima inalificha jua kama miezi miwili. Likirudi, karibu tarehe 25 Januari, watu hunywa kahawa ya jua na kula chapati za maji. Yeye ni Mlutheri, na wale wa jólablót huwaita watoto wanaocheza, lakini chapati zake za tarehe hiyo hazikosekani hata huku mjini. Utotoni mwake matufaha yalikuja kwa meli mara moja kwa mwaka, kabla ya Krismasi, yamefungwa kwenye sanduku. Harufu ilijaa nyumba nzima kabla sanduku halijafunguliwa, anasema, na ndiyo iliyowaambia watoto kwamba giza limefika katikati.

Sasa matufaha yapo mwaka mzima, yanang'aa chini ya taa. Kila Desemba nikienda naye sokoni huchukua moja, akalinusa, akalirudisha.