Si kila mbio za kasi ni 'mbio fupi': Tuwasikilize wanyonga baiskeli wa Kitale na Bungoma

Kiingereza kina neno moja, 'sprint', kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni mbio za Ferdinand Omanyala, kijana aliyelelewa Tongaren, Bungoma, ambaye mnamo 2021 alitimka mita 100 kwa sekunde 9.77 uwanjani Kasarani. La pili ni pambano la waendesha baiskeli wawili ndani ya velodromu, yaani uwanja wa mviringo wenye kingo zilizoinuka. Tunapotafsiri, yote mawili tunayaita 'mbio fupi' au 'mbio za masafa mafupi'. Hapo ndipo tunapopotea.

Hebu tuitazame shughuli yenyewe kabla ya kuipa jina. Katika mbio za Omanyala, kila mtu ana mstari wake. Bunduki inalia, wanafyatuka, na baada ya sekunde 10 hivi kila kitu kimekwisha. Hakuna anayemngoja mwenzake.

Velodromuni mambo ni tofauti. Kwanza kila mshindani hupimwa peke yake kwa mita 200, akiwa tayari ameshika kasi. Katika Olimpiki za Paris 2024, Mholanzi Harrie Lavreysen alizimaliza kwa sekunde 9.088, mwendo wa takriban kilomita 79 kwa saa. Kwa baiskeli isiyo na breki! Ina gia moja tu, na gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo sharti zizunguke.

Baada ya mchujo, wanaume hupambanishwa wawili wawili, na kuanzia robo fainali wa kushinda mara mbili ndiye anayesonga mbele. Kwenye uwanja wa mita 250, huzunguka mara tatu. Mtazamaji mgeni atashangaa, maana wanaanza polepole kama watu wanaokwenda soko la Chwele bila haraka. Wa mbele anageuza shingo kumwangalia wa nyuma. Mara wanapanda ukingoni, mara wanashuka. Pengine wanasimama tuli kabisa, mguu haujagusa chini, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie. Sheria huwaruhusu kusimama hivyo, ila si zaidi ya sekunde 30.

Kwa nini hawakimbii? Sababu ni upepo. Anayetangulia anamkatia upepo mpinzani wake. Wa nyuma anajibanza mgongoni, anahifadhi nguvu, kisha anachomoka dakika ya mwisho na kumpita. Basi kiini cha mchezo huu si ufupi wa masafa. Mita 750 si masafa mafupi ukilinganisha na mita 100. Kiini chake ni kuviziana.

Na hapa, mpenzi msomaji, ndipo Kiswahili kinapokuwa na uwezo ambao Kiingereza hakina. Chukua kitenzi 'vizia'. Ukikitia kiambishi '-an-' cha kauli ya kutendana, unapata 'viziana', yaani A anamvizia B huku B akimvizia A. Kiambishi hicho kimoja kinatueleza kwamba washindani ni zaidi ya mmoja, kwamba kila mmoja ni mwindaji na windo kwa wakati mmoja, na kwamba wote wanajua hivyo. 'Mbio za kuviziana' basi ni istilahi sahihi kuliko 'mbio fupi'. Omanyala hamvizii mtu.

Yamkini kuna atakayeuliza, mbona tusiseme 'kunyemeleana' au 'kuoteana'? Anayenyemelewa aghalabu hana habari, ilhali hawa wawili wanatazamana. Na 'kuotea' kumeshachukuliwa na kandanda kwa maana ya mchezaji kuwa mbele ya walinzi isivyo halali. Istilahi nzuri haigombanii kiti na nyingine katika uwanja uleule wa michezo.

Maneno kama 'kukata upepo', 'kujibanza' na 'kuchomoka' si ya kubuniwa ofisini. Ni Kiswahili cha watu wanaojua baiskeli kwa miguu yao. Katika miji ya Kitale na Bungoma, baiskeli ilibeba abiria, maziwa na magunia ya mahindi miaka mingi kabla ya pikipiki kutamalaki. Watu wa huko walikuwa na 'keria' ya mzigo, 'cheni' na 'spoku', na ile baiskeli nzito nyeusi waliyoibandika jina 'black mamba'. Neno 'bodaboda' lenyewe lilizaliwa jirani, mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha wasafiri kati ya Kenya na Uganda. Walilichukua neno 'border', wakalitohoa, wakalirudufu. Hakuna profesa aliyeitwa! Leo laandikwa hata katika magazeti ya Kiingereza.

Kuna pia kitenzi 'nyonga'. Wengi hukihusisha na kumkaba mtu koo, lakini 'kunyonga baiskeli' ni kuiendesha kwa kukanyaga pedeli. Kitenzi hiki kina ladha, ila kinatufunza mpaka wa unyambuaji. Hatuwezi kumwita bingwa wa velodromu 'mnyongaji', kwa kuwa jina hilo tayari ni la yule anayetekeleza hukumu ya kifo. 'Mnyonga baiskeli' linafaa, mradi tusiliache neno la pili nyuma.

Atakayeona aibu kuchukua istilahi mitaani aikumbuke Japani. Huko, mnamo 1948, yalianzishwa mashindano ya baiskeli ya kamari yaliyoitwa 'keirin'. Mchezo huo ulipoingia Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, ulimwengu haukulitafsiri jina. Wenye mazoea ya jambo ndio waliolipa jambo jina.

Tanzania ina BAKITA tangu 1967. Sisi tuna Katiba ya 2010 inayokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini kazi ya kusanifisha istilahi tumeachia wahariri, watangazaji na walimu, kila mtu kivyake. Wakitafsiri neno badala ya kutafsiri jambo, mtoto wa Kiminini anayejua kujibanza nyuma ya lori asisukumwe na upepo ataambiwa kwamba mchezo ule wa runingani hauna Kiswahili. Atasadiki, ilhali Kiswahili chake anacho mdomoni.

Isitoshe, muda unayoyoma. Kijana wa leo akisema 'bodaboda' anamaanisha pikipiki. Msamiati wa baiskeli umebaki kwa mafundi na wanyonga baiskeli wenye mvi. Walimu wa Kiswahili wa Bungoma na Trans Nzoia wawatume wanafunzi kwa mafundi hao wakiwa na daftari. Waulize kila kipuri kinaitwaje, na kila ujanja wa barabarani unaitwaje. Warekodi na matamshi. Kisha wahariri wa michezo wayatumie maneno hayo, tuone yapi yatakubalika na yapi yatakataliwa.