Nani huandika orodha?

Mwezi wa Mei 1960 babu zetu walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua Bunge la Kongo. Bibi zetu hawakuruhusiwa. Kura ilikuwa ya wanaume tu. Viti vilikuwa 137. Chama cha Patrice Lumumba kilipata vingi kupita vyama vingine, lakini hakikufika nusu. Kwa hiyo ilimpasa kupatana na wengine, na tarehe 24 Juni wabunge 74 wakaikubali serikali yake. Ndiyo desturi ya bunge: raia huchagua wabunge, nao wabunge huipa serikali imani yao au huinyima.

Lakini kabla ya siku ya kura kuna uchaguzi mwingine, usio na sanduku: chama huketi na kuandika orodha ya wagombea wake. Mwenye hekima asipoandikwa humo, kura tunazokipa chama hicho hazitamfikia.

Basi, akina baba na akina mama, tuulize mapema: huyu ameandikwa kwa sababu gani? Kwa ukoo wake, kwa fedha zake, au kwa matendo yake? Anayenyamaza orodha inapoandikwa amenunua mbuzi ndani ya gunia.