UTAMBUZI WA NYIGU RAFIKI WA MIHOGO

Watumishi wa Serikali na wakaazi wanaolima mihogo Kyela wanajulishwa kuwa si kila mdudu aliye juu ya majani ni adui. Nyigu aitwaye Anagyrus lopezi, asiyezidi milimita 2, hutaga yai ndani ya kidung'ata wa mihogo, na buu lake humla mdudu huyo kutoka ndani.

Wataalamu huwapanga nyigu wa aina hii kwa maumbile. Familia za Ichneumonidae na Braconidae zina vipapasio virefu vyenye vipingili vingi, na mishipa mingi ya bawa. Kundi la Chalcidoidea lina vipapasio vilivyopinda kama kiwiko na mishipa michache. Humo imo familia ya Encyrtidae, ya lopezi, yenye ubavu uliotuna na mwiba mkubwa kwenye mguu wa kati, ambao ni mguu wa kurukia.

Kukosea utambuzi kuna gharama. Baada ya kidung'ata kuonekana Zaire, sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1973, watafiti walikwenda Amerika ya Kusini na kumkuta kwanza ndugu yake wa rangi ya manjano. Nyigu wa huyo hawakumweza yule wa waridi. Anayefaa alipatikana Paraguay mwaka 1981, akaachiliwa Nigeria mwaka huohuo, na baadaye Tanzania.

Kwa hiyo kidung'ata aliyevimba, mkavu na wa kahawia asinyunyiziwe dawa, kwani ndani yake mna nyigu. Akiwa na kitundu cha duara, nyigu ameshatoka.