Boti ya dizeli na lugha ya fundi

Nimesikia mara kadhaa, miongoni mwa wenye boti ndogo katika mabwawa ya Mto Tana kusini mwa Embu, rai kwamba petroli ni ghali na heri "kugeuza injini iwe ya dizeli". Usemi huo ni mfupi, lakini umebeba hatari. Humfanya msikilizaji adhani kuwa kinachobadilishwa ni mafuta tu.

Petroli huchanganywa na hewa, kisha huwashwa kwa cheche ya plagi. Dizeli haina haja ya cheche. Hewa hubanwa peke yake ndani ya silinda, mara 14 hadi 22 hivi, ikapata joto kali. Ndipo mafuta hurushwa ndani yakawaka yenyewe. Injini ya petroli, ambayo kwa kawaida hubana mara 8 hadi 12 tu, haikuundwa kustahimili nguvu hizo.

Kwa hivyo, kugeuza boti ni kung'oa injini nzima na kuweka nyingine. Aghalabu hiyo mpya huwa nzito zaidi. Sharti mihimili inayoibeba iimarishwe, tangi na mabomba ya mafuta yabadilishwe, na rafadha ichaguliwe upya, maana injini ya dizeli huzunguka polepole zaidi.

Faida ipo. Dizeli hutumika kidogo kwa kazi ile ile. Tena, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutuama katika ngama, na cheche moja yatosha kuilipua boti. Hata hivyo, anayesafiri saa chache tu kwa juma huenda asiione faida ya gharama yake.

Mimi ni mwanaisimu, si makanika. Linalonishughulisha ni kwamba maelezo haya yote yawezekana kwa Kiswahili, ilhali kijana anayesomea ufundi Meru au Embu hupewa kijitabu cha Kiingereza. Mabaharia wa pwani waliturithisha ngama, mkuku, mataruma, omo na shetri. Neno dizeli latokana na jina la Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897. Kukopa neno si aibu. Aibu ni kuwa na maneno na kukosa kuyatumia pale ambapo kutoelewa kwaweza kumzamisha mtu.

Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, na la Kiambere mwaka 1988. Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ni nini basi tunachongojea?

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi insha hii: "Eleza hatua za kuondoa injini ya petroli katika boti na kuweka ya dizeli." Kisha insha ipelekwe kwa fundi aisome. Pale atakapokwama, mwanafunzi aandike upya. Huo ndio usahihishaji ambao hakuna alama nyekundu inayoweza kuushinda.