Dalali wa Mnunuzi Analipwa na Nani?

Nchini Marekani, anayeuza nyumba kwa kawaida humkabidhi dalali, naye huiandikisha katika mfumo wa pamoja wa madalali wa eneo hilo. Mifumo hiyo ni mamia. Faida yake ni wazi: muuzaji anawafikia wanunuzi wengi kwa mara moja, na mnunuzi anaziona nyumba za madalali wote kwa kumtumia mmoja tu.

Lakini tuulize: ada inatoka mfukoni mwa nani? Kwa miaka mingi, dalali wa muuzaji alitangaza humo ada atakayompa dalali wa mnunuzi. Jumla ilizoeleka kuwa asilimia 5 hadi 6. Kwa nyumba ya dola 400,000, asilimia 6 ni dola 24,000. Mnunuzi aliambiwa huduma ni bure, kumbe gharama imo ndani ya bei. Dalali naye alikuwa na kishawishi cha kuziruka nyumba zenye ada ndogo.

Oktoba 2023, wauzaji walioshtaki walishinda kesi mjini Kansas City. Kwa mapatano yaliyofuata, tangu Agosti 17, 2024 ada hiyo haitangazwi tena katika mifumo ya chama cha kitaifa cha madalali, na mnunuzi husaini mkataba kabla ya kutembezwa kwenye nyumba.

Je, haki imetimia? Bado. Muuzaji akikataa kuchangia, familia changa yenye akiba ndogo italipa yenyewe. Hata hivyo, sasa inaijua ada mapema, na inaweza kuomba ipunguzwe kabla ya kusaini.