Mzee Asianguke

Ndugu mkulima, ng'ombe wako wa maziwa akiteleza zizini, siku hiyo hiyo watia changarawe. Je, njia anayopita mama yako usiku kwenda chooni umeitazama?

Wengi husema mzee huanguka kwa sababu ya uzee tu. Si kweli. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao ni wazee. Anayepona pengine amevunjika nyonga, na kazi ya shamba husimama mkimwuguza.

Tangu Septemba 2023 Serikali imewapa wahamasishaji wa afya vijijini mikoba ya vifaa, pamoja na kipimo cha presha. Yafaa wafundishwe na jambo hili pia. Kipimo chake chataka kiti na saa tu: mzee ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Akifikisha sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini. Kisha aulizwe habari za macho, viatu na dawa anazomeza, maana dawa nyingine huleta kizunguzungu mtu akiinuka upesi.

Katika baraza lijalo, ombeni zahanati yenu iwape mhamasishaji wenu mafunzo hayo. Lakini usingoje. Leo sawazisha njia, funga mti wa kushikia chooni, weka taa karibu na kitanda. Ni kazi ya nusu siku, na mfupa uliovunjika huuguzwa miezi mingi.