Mombasa hadi Malindi: Safari ya Kusimama Njiani

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na wengi huzimaliza kwa mwendo mmoja, kisha wakalalamika kwamba barabara iliyosifiwa kuwa ya pwani haikuwaonyesha pwani yenyewe. Wana haki. Barabara imejitenga na ufuo, ikapita kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, minazi na mikorosho, na maji huonekana vizuri madarajani tu: Nyali, Mtwapa na Kilifi. Hata hivyo naamini madaraja hayo, na mikono ya bahari inayopita chini yake, ndiyo mwanzo sahihi wa safari hii. Anayekimbilia boti ya Watamu kwenda kuona samaki wa rangi rangi huwakuta wakiwa wakubwa. Baadhi yao walilelewa kwenye mikoko ya mikono hiyo.

Mahali pa kulithibitisha hilo ni Mida, mkono wa bahari ulio karibu na Watamu. Maji yanapokupwa, tope hubaki wazi eneo kubwa, na ndege waliohama kutoka Ulaya na Asia hushuka kudonoa minyoo na kaa wadogo. Ukiinama kidogo utamwona kaa dume mwenye gando moja kubwa kupita kiasi, akilipunga mbele ya tundu lake. Maji yakijaa, palepale kati ya mizizi ya mikoko huingia samaki wachanga, kwa sababu samaki wakubwa wanaowawinda hawapenyi humo kwa urahisi. Jirani tu kuna magofu ya Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Msikiti, nyumba na jumba la mtawala, vyote vilitokana na bahari hiyohiyo.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa za mwanzo barani Afrika. Lakini mipaka haimtoshi kasa, ambaye huivuka na huchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kutaga. Jike hupanda ufuoni usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai mia na zaidi, hufukia, hurudi majini. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka na kufuata mwanga. Taa ya hoteli ikiwaka upande wa nchi kavu, huwapoteza. Huko Watamu, tangu 1997, kumekuwa na kazi ya kulinda viota, na baadaye pia ya kuwafidia wavuvi wanaowatoa kasa walionaswa nyavuni. Wapo wanaosema huko ni kumzoesha mvuvi kuwatega makusudi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama angelipwa bei ya kasa. Anachopewa ni fidia ndogo ya muda wake, na bila hiyo nyama na mafuta vingeuzwa kwa siri.

Pingamizi zito zaidi, dhidi ya safari yenyewe, ni kwamba wageni wenyewe huharibu. Ni kweli: nanga huvunja matumbawe, na nyayo pia, hasa baada ya joto la bahari la 1998 kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya. Dawa ni kuchagua majira na nahodha. Wakati wa kaskazi maji huwa maangavu na matumbawe huonekana pasipo kukanyagwa. Kati ya Julai na Septemba kusi huchafua maji, lakini nyangumi hupita nje ya mwamba wakitoka Antaktika kuja kuzaa. Na asiye na fedha za boti asijione amekosa safari. Njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko ya Mida hutembelewa kwa miguu, na kiingilio chake huchangia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyoizunguka Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke.